Kujifunza Kupiga Zumari ya Mfuko

Kila taifa lina vyombo vyake vya kufurahisha moyo na vya kuomboleza. Watu wa pwani ya Afrika ya Mashariki wana ngoma, na siwa, na zumari. Watu wa Uskoti, nchi iliyo upande wa kaskazini wa kisiwa cha Uingereza, wana zumari ya mfuko. Chombo hicho hupigwa arusini na mazikoni. Hupigwa askari waendapo, na watu wachezapo. Sauti yake ni kali, hata mtu aliye ng'ambo ya bonde huisikia. Mgeni aisikiapo mara ya kwanza hustaajabu, maana haikatiki. Mpigaji huvuta pumzi kama watu wote, walakini wimbo wake hausimami hata kidogo. Siri ya jambo hilo ni mfuko. Na shida yote ya kujifunza yatoka katika siri iyo hiyo.

Zumari ya mfuko ina viungo vinne. Cha kwanza ni mfuko wenyewe, ambao mpigaji huushika kwapani upande wa kushoto. Zamani mifuko yote ilikuwa ya ngozi. Siku hizi mingine hushonwa kwa kitambaa kisichopitisha hewa. Cha pili ni bomba la kupulizia. Mwishoni mwake, ndani ya mfuko, mna kifuniko kidogo kifungukacho pumzi ikiingia, na kujifunga pumzi ikitaka kurudi. Cha tatu ni bomba la wimbo, lenye matundu nane ya vidole, saba mbele na moja nyuma. Cha nne ni mabomba matatu ya mvumo, yaegemeayo bega la kushoto. Mawili ni mafupi, na la tatu ni refu lenye sauti nzito. Hayo hayana matundu ya vidole. Kila moja lina sauti moja tu, nayo haibadiliki tangu mwanzo wa wimbo hata mwisho, kama waitikiaji washikao sauti moja huku mwimbaji akiimba.

Ndani ya bomba la wimbo na ya kila bomba la mvumo umo ulimi. Kwa desturi ndimi hizo hukatwa katika mmea wa jamii ya matete, ingawa siku hizi ndimi za mvumo mara nyingi ni za plastiki. Hewa ikipita kwa nguvu, ulimi hutetemeka, na kutetemeka kwake ndiko sauti. Ulimi wa bomba la wimbo ni vibamba viwili vilivyofungwa pamoja. Mtu aliyetazama zumari ya pwani kwa karibu amekwisha kuona ulimi wa namna hiyo, maana zumari zile mbili ni ndugu. Watu wa Oman na nchi za Ghuba nao wana zumari yao ya mfuko, iitwayo habban, ambayo mfuko wake ni ngozi ya mbuzi.

Mabomba ya zumari nzuri ya Kiskoti huchongwa katika mpingo. Mpingo hauoti Uskoti. Ni mti wa Afrika, na mwingi wa kutengenezea vyombo vya muziki hutoka kusini mwa Tanzania na Msumbiji. Ni mti mgumu, mzito, wala haukui upesi; hupita miaka 70 au zaidi kabla ya kufaa kukatwa. Basi kijana wa Uskoti ashikapo zumari yake, pengine ameshika mti uliochipuka mwituni Afrika kabla babu yake hajazaliwa. Chombo kilichongojewa muda mrefu namna hiyo chataka mpigaji naye awe mtu wa kungoja.

Wafikiriwe watoto wawili wa Uskoti watakao kujifunza. Wa kwanza ana haraka. Apata zumari kubwa, aitia kwapani, apuliza kwa nguvu zake zote. Mara apaswa kufanya kazi nne pamoja: kupuliza, kukandamiza mfuko kwa mkono, kufunga na kufungua matundu kwa vidole, na kusikiliza kama sauti zapatana. Kila kazi ni ngeni kwake. Akikumbuka vidole asahau mkono. Akikumbuka mkono pumzi zamwishia. Chombo chalia kama mnyama aliyenaswa mtegoni, na baada ya siku chache chawekwa juu ya kabati, wala hakishuki tena. Mtoto wa pili aenda kwa mwalimu. Mwalimu hampi zumari kubwa. Ampa bomba moja jembamba, ambalo urefu wake ni karibu nusu ya mita. Pengine mtoto huyo asikitika, akidhani amepewa kitu cha kuchezea. Kumbe ndiye aliyepewa njia.

Bomba hilo ni zumari ya kujifunzia. Ina matundu yale yale nane ya bomba la wimbo, na ulimi wake una vibamba viwili vile vile, lakini haina mfuko wala mvumo. Mtu huipuliza kwa kinywa, na sauti yake ni ndogo, haiwaudhi jirani. Nyingine ni za mpingo, na nyingine ni za plastiki, ambazo bei yake ni nafuu sana kuliko bei ya zumari kubwa. Anayeanza hukaa nayo miezi sita, au mwaka mzima, na wengine huzidi mwaka, kabla ya kushika mfuko. Hata wapigaji mashuhuri hawaiachi kamwe. Wimbo mpya huujifunza kwanza kwa zumari hiyo ndogo, ndipo huupeleka katika kubwa.

Somo la kwanza ni kushika. Mkono wa kushoto hukaa juu, na wa kulia hukaa chini. Kidole gumba cha kushoto hufunga tundu la nyuma. Kidole cha shahada, cha kati na cha pete hufunga matundu matatu ya juu. Kidole kidogo cha kushoto hakina kazi. Vidole vinne vya mkono wa kulia hufunga matundu manne ya chini, na gumba la kulia hutegemeza bomba kwa nyuma. Vidole sharti vinyoke, wala visipindwe kama makucha ya ndege. Tundu halifungwi kwa ncha ya kidole, bali kwa nyama yake laini, isipokuwa kidole kidogo, ambacho kwa ufupi wake hutumia sehemu ya ncha. Pakibaki mwanya mwembamba kama unywele, sauti huharibika.

Kosa la karibu wote waanzao ni kukaza vidole. Mtoto huona tundu halifungiki vema, naye hubana zaidi. Vidole vyauma, vyawa vizito, wala haviwezi kuinuka upesi. Mwalimu mwema humwambia alegeze mikono, alishike bomba kama ashikavyo yai la kuku: lisianguke, wala lisivunjike.

Somo la pili ni sauti. Zumari hii ina sauti tisa tu. Matundu yote yakifungwa, hutoka sauti ya kwanza, ambayo ndiyo ya chini kabisa. Kidole kidogo cha kulia kikiinuka, hutoka ya pili. Kidole cha pete cha kulia kikiinuka pamoja na kidogo, hutoka ya tatu. Hata hapo kazi ni rahisi. Lakini kwa sauti ya nne, kidole cha kati chainuka, na kidole kidogo charudi chini, vyote viwili kwa wakati mmoja. Na kutoka sauti ya tano kwenda ya sita, vidole vitatu vya kulia vyashuka, kidole kidogo cha kulia chainuka, na kidole cha pete cha kushoto chainuka pia. Vidole vitano vyaenda kwa nukta moja, vingine juu na vingine chini.

Kidole kimoja kikichelewa, hata kidogo sana, husikika sauti nyingine katikati, ambayo haimo katika wimbo. Hiyo ni sauti ya uwongo. Mpiga filimbi aweza kuificha sauti ya namna hiyo, maana aweza kukata pumzi kidogo kati ya sauti mbili. Mpiga zumari ya mfuko hawezi. Hewa ya mfuko yaendelea kutoka, na bomba la wimbo husema kila kitu vidole vifanyacho, kiwe chema au kibaya. Kwa hiyo mwalimu humzuia mwanafunzi katika sauti tisa kwa siku nyingi, akipanda na kushuka, polepole, mpaka sauti ya uwongo isisikike tena. Asiyetaka kazi hiyo mwanzoni ataifanya baadaye kwa taabu kubwa zaidi, maana kidole kilichozoea kukosa hukosa hata mwenyewe asipojua.

Somo la tatu ni vipambo. Zumari kubwa haiwezi kunyamaza katikati ya wimbo, wala haiwezi kupaza sauti au kuipunguza kama afanyavyo mwimbaji. Basi wimbo ukitaka sauti moja ipigwe mara mbili kwa kufuatana, itakuwaje? Zikipigwa vivi hivi zitaungana, na msikiaji atasikia sauti moja ndefu. Wazee wa Uskoti walipata dawa yake. Kati ya sauti hizo mbili mpigaji huinua kidole kimoja na kukirudisha mara moja, upesi kama kope ipepesavyo. Husikika mlio mdogo sana, nao huzitenga zile sauti mbili. Hicho ni kipambo.

Kipambo cha kwanza mwanafunzi afundishwacho ni cha kidole cha shahada cha kushoto. Kisha hufuata cha kidole cha shahada cha kulia, na cha kidole cha pete cha kushoto. Baadaye huunganishwa viwili viwili, na vitatu vitatu, na zaidi, hata vikawa kama shanga katika uzi mmoja. Jina lao ni vipambo, walakini si urembo tu. Ndivyo vinavyoukata wimbo katika maneno yake. Wimbo usio na vipambo ni kama barua isiyo na nafasi kati ya maneno.

Hapo kale nyimbo hizo hazikuandikwa. Mwalimu alimwimbia mwanafunzi wimbo wote kwa silabi zisizo na maana ya kawaida, kila silabi ikionyesha sauti fulani pamoja na kipambo chake, na mwanafunzi aliimba nyuma yake mpaka wimbo umkae moyoni. Ndipo alipoutia katika vidole. Katika kisiwa cha Skye, mahali paitwapo Boreraig, ukoo wa MacCrimmon ulikuwa na sifa kubwa ya kufundisha kwa njia hiyo. Nao walikuwa wapiga zumari wa mabwana wa MacLeod, baba na mwana na mjukuu. Kitabu cha kwanza cha kueleza upigaji wa zumari hiyo kiliandikwa na Joseph MacDonald karibu na mwaka 1760, nacho hakikupigwa chapa mpaka mwaka 1803. Siku hizi nyimbo huandikwa kwa alama za muziki, na anayeanza hujifunza kuzisoma. Lakini walimu wengi hata leo humtaka mwanafunzi aimbe kwanza ndipo apige. Wimbo usiojulikana kichwani vidole vitaupata wapi?

Jambo kubwa katika miezi hiyo ni kufanya mazoezi kila siku. Nusu saa kila siku ni bora kuliko saa nne za siku moja ya juma. Mwanafunzi hupiga gonga kwa mguu ili mwendo uwe sawa, naye huanza polepole sana. Akikosa mahali, harudii wimbo mzima, bali hurudia mahali pale pale alipokosa. Mwalimu naye ana kazi yake, maana masikio ya mwanafunzi hayajajua bado kosa lake. Kwa sababu hiyo, mwaka 1944 ilianzishwa shule ya zumari katika mji wa Glasgow, ili mtu yeyote apate kufundishwa, hata asiye na jamaa mpigaji; na mwaka 2018 shule hiyo iliunganishwa na chuo kikubwa zaidi cha zumari katika mji uo huo.

Hata siku ya kushika mfuko ifikapo, mwalimu mwenye busara hampi mwanafunzi mzigo wote mara moja. Kwanza mabomba ya mvumo huzibwa, au hutumiwa mfuko usio nayo, na mwanafunzi hujifunza pumzi na mkono tu. Kinywa kikipuliza, mkono hulegea kidogo na mfuko hujaa. Kinywa kikiacha ili kuvuta pumzi, mkono hukandamiza na hewa huendelea kutoka. Mkono na kinywa hupokezana kazi kama watwangaji wawili wenye kinu kimoja: mmoja akiinua, mwingine atwanga. Nguvu ya hewa sharti iwe sawa daima. Ikizidi, sauti hupanda, ikipungua, hushuka, ikipungua zaidi, chombo hunyamaza.

Akiisha kuzoea, bomba la mvumo moja hufunguliwa, kisha la pili, na mwisho lile refu. Sasa apata mwalimu mwingine akaaye begani pake, karibu na sikio. Sauti ya mvumo haibadiliki. Kwa hiyo mkono ukitetereka mvumo nao hutetereka, na mpigaji hujua kosa lake papo hapo. Kila bomba la mvumo lina kiungo kitelezacho. Likirefushwa, sauti hushuka; likifupishwa, hupanda. Mpigaji hulirekebisha mpaka sauti ya mabomba yote ipatane na ya bomba la wimbo, hata mabomba mengi yasikike kama kitu kimoja. Hilo nalo lataka sikio lililofundishwa.

Kutunza chombo ni sehemu ya kujifunza. Pumzi ya mtu ina maji, nayo hukaa ndani ya mfuko na mabomba. Baada ya kupiga, mabomba hufutwa ndani kwa kitambaa au brashi, na kuachwa yakauke polepole. Hayawekwi juani wala karibu na moto, maana hata mpingo, kwa ugumu wake wote, hupasuka. Viungo huzungushiwa uzi wa katani uliopakwa nta, ili hewa isivuje. Uchafu wa ndani waweza kumdhuru mtu kuliko adhaniavyo. Mwaka 2016 madaktari wa Uingereza walitoa habari za mtu mmoja aliyepiga zumari yake kila siku, akaugua mapafu kwa miaka mingi. Alipokwenda safari ya miezi mitatu bila ya zumari, akapata nafuu. Aliporudi na kuanza kupiga, ugonjwa ukazidi, na mwisho akafa. Walipopima chombo chake, walikuta kuvu za namna nyingi zimeota ndani ya unyevu. Basi mwalimu amwambiapo mwanafunzi asafishe zumari yake, hamwambii kwa ajili ya kupendeza macho tu.

Kila mwaka, mwezi wa Agosti, vikundi vya wapiga zumari na wapiga ngoma kutoka nchi nyingi hukusanyika Glasgow kushindana. Waamuzi husimama karibu na kusikiliza. Hawatazami mavazi, wasikiliza kama zumari zote zaanza kwa nukta moja, kama zapatana, na kama zanyamaza pamoja. Mpigaji mmoja akichelewa kunyamaza kwa nukta moja, kazi ya kikundi kizima hupungua. Kila mmoja wa wale wasimamao uwanjani alianza na bomba moja jembamba, katika sauti tisa, akipanda na kushuka.

Wazee wa Uskoti husema kwamba mpiga zumari hufanywa kwa miaka saba. Huenda mtoto akatishwa na hesabu hiyo, lakini hana haja ya kuogopa. Nyimbo nyepesi ataweza kuzipiga mwaka wa kwanza, na furaha yake haingoji mwaka wa saba. Neno hilo lina maana nyingine: katika chombo kisichonyamaza, kosa halina mahali pa kujificha, na mahali pa kuliondoa ni mwanzoni, lingali dogo. Yule mtoto wa kwanza alitaka kuanzia mwisho, akafika mwisho siku ile ile. Wa pili alianzia mwanzo. Haba na haba hujaza kibaba.

MASWALI

1. Taja viungo vinne vya zumari ya mfuko, ueleze kazi ya kila kimoja.
2. Kwa nini sauti ya zumari hiyo haikatiki mpigaji avutapo pumzi?
3. Sauti ya uwongo ni nini, nayo hutokea kwa sababu gani?
4. Kipambo chatenga nini na nini? Eleza kwa mfano.
5. Kwa nini mabomba ya mvumo huzibwa kwanza mwanafunzi ashikapo mfuko?
6. Fikiri kazi moja ufanyayo nyumbani au shuleni ambayo kosa la mwanzo huonekana mpaka mwisho. Iandike habari yake.